Mnaomalizia PhD ya takwimu na mnautaka uhadhiri: tupeane uzoefu

Kadirio
Wakuu, habari za kazi. Niko mwaka wa mwisho, sura ya nne bado, simulesheni zinakesha. Nilijiambia nitetee tasnifu kwanza, kazi baadaye. Kumbe idara nyingi za takwimu Marekani huanza kutangaza nafasi Septemba na Oktoba, kwa mtu wa kuanza kazi Agosti ya mwaka unaofuata! Nimestuka Januari. Waliotangulia, nyie mlijipangaje?

Bi Sampuli
Pole mdogo wangu. Mimi iliniponza makala. Sura ya kwanza niliikalia mwaka mzima naing'arisha, nikaituma jaridani imebaki miezi sita nimalize. Majarida yetu hayana haraka. Majibu yalikuja mwezi wa nane tangu niitume: fanya marekebisho makubwa. CV ikaenda na neno "imewasilishwa" tu. Kilichoniokoa ni kuiweka arXiv, ile tovuti ya makala ambazo bado hazijachapishwa jaridani, wasaili wakaisoma huko.

Nasibu
Mimi CV ilipita, nikaanguka kwenye mhadhara wa usaili. Dakika 50. Slaidi ya tatu tu nikaanza kushusha masharti ya nadharia yangu, A1 hadi A7, moja moja. Nilipofika A5, mzee mmoja wa mstari wa mbele akafunga daftari lake taratibu, akauliza, "Samahani, hizi data ni za nini?" Nilikuwa sijasema!

Humo ndani kuna wa Bayes (wanaoanza na dhana ya awali, kisha wanairekebisha kwa data), kuna wa mfululizo wa wakati, kuna wa majaribio ya dawa. Data zenye mapengo zilikuwa zangu peke yangu. Usaili uliofuata nikaanza na grafu moja ya wagonjwa wanaoacha kurudi kliniki, masharti nikayasukuma mwisho kabisa. Waliyauliza watu wawili.

Bi Sampuli
Na A7 ndiyo huwa imebeba mzigo wote 😂

Mama Bayes
Mbona mnaongelea utafiti tu? Walimu wangu watatu wa kuniandikia barua za mapendekezo, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniona darasani. Nikamwomba mhadhiri mmoja aje akae nyuma. Siku hiyo mwanafunzi akasema masafa yake ya asilimia 95 (confidence interval, yaani kipande cha namba kinachokadiria thamani halisi kutokana na sampuli) yana uwezekano wa asilimia 95 wa kuwa na thamani halisi. Sikumkatalia. Nikampa kila mmoja sampuli yake, wakachora masafa 40 ubaoni, kisha nikapiga mstari wa thamani halisi. Matatu yakaukosa, la kwake likiwemo. Akacheka mwenyewe: kumbe 95 ni ya njia, si ya kipande changu. Mhadhiri yule aliyaandika yote hayo kwenye barua, na kwenye usaili waliniuliza hilo kuliko tasnifu.

Kadirio
Sasa barua naziomba lini? Msimamizi wangu hata barua pepe hajibu.

Mama Bayes
Miezi miwili kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi, mwanangu, na umwandalie CV na mambo ya kutaja. Kisha mkumbushe. Kisha mkumbushe tena.