Menyu ya kushea: wewe umeipangaje? Tupeane uzoefu

#1
Wakuu, habari za muda huu. Leo nataka tuongelee ile menyu inayopanda ukigusa kitufe cha kushea. Naanza na aibu yangu.

Nilipiga skrinishoti ya ujumbe wa bosi, nikataka nimtumie mke wangu tucheke wote. Nikagusa kushea, ikaja ile safu ya juu yenye sura za watu, kidole kikaenda chenyewe palepale mke wangu anapokaaga. Kumbe asubuhi nzima nilikuwa nachati na bosi, na simu ikampa yeye ile nafasi ya kwanza. Nilifuta haraka haraka, lakini tiki zilishakuwa za bluu.

Jioni hiyohiyo nikaizima safu nzima. Natumia iPhone: ingia Settings, sehemu ya Siri, zima Show When Sharing. Sura zinaondoka, zinabaki apu tu. Wengine mmefanyaje?

#2
Pole mkuu, ingawa nimecheka. Mimi sikuzima yote. Kandamiza sura ya mtu kwa muda, utaona Suggest Less. Nimewatoa watu wa kazini mmoja mmoja, nikawaacha wa nyumbani.

#3
Wa Android tupo. Ukikandamiza aikoni ya apu ndani ya menyu yenyewe, unaweza kuibandika ikae mbele ya nyingine. Mimi nimebandika mbili tu, apu ya noti na barua pepe. Ukibandika kila kitu umerudi ulikotoka. Hii walituondolea kwenye Android 10, ikarudi kwenye 11, mwaka 2020.

Wa zamani mtakumbuka ilivyokuwa kabla ya hapo: menyu inafunguka, unalenga apu yako, mara sura za watu zinamaliza kupakia, kila kitu kinashuka chini, na kidole chako kinaangukia kwingine kabisa. Kuna grupu la familia lilipokea orodha yangu ya madeni kwa mtindo huo.

#4
Samsung: Settings, Advanced features, zima Show contacts when sharing content. Basi.

#5
Kazi yangu ni kutuma nyaraka kutwa nzima, kwa hiyo hapa nina ya kusema. Nina iPhone. Ile safu ya apu ivute hadi mwisho kabisa, gusa More, halafu Edit. Alama ya kijani ya kujumlisha inaiingiza apu kwenye Favorites, nyekundu inaitoa, na ile mistari mitatu ya pembeni unaishika na kuiburuta kupanga nani aanze. Ukishuka chini ya menyu kuna Edit Actions, hapo unapanga vitendo kama kunakili, kuhifadhi na kuchapisha. Watu wengi hawafiki huko chini.

Mimi Print nimeipandisha juu, na printa sina! Ninachofanya: nagusa Print, ukurasa mdogo ukitokea nautanua kwa vidole viwili, unageuka PDF, naishea hiyo. Risiti ya mtandaoni, tiketi, chochote.

Na jambo moja dogo mnalolipita kila siku. Ukishea picha, pale juu kabisa kuna neno Options. Ingia, zima Location, picha iende bila kubeba mahali ulipoipigia. Niliwahi kutangaza kabati langu linauzwa, mnunuzi akaniambia mtaa ninaokaa kabla sijamwelekeza. Sikumuuzia.

#6
Mnaongea kana kwamba menyu ni moja. Kuna apu zina menyu zake za kushea, ukizifungua huoni ulichobandika wala ulichopanga. Kwenye baadhi inabidi ushuke utafute palipoandikwa More ndipo ije ile ya simu. Inaudhi.

#7
Nani amejaribu Shortcuts, ile apu ya iPhone ya kujitengenezea vitendo vyako mwenyewe? Nimetengeneza moja ya kupunguza ukubwa wa picha, nikawasha Show in Share Sheet, sasa inakaa mlemle kwenye menyu. Ilinichukua nusu saa kuielewa, lakini barua pepe haijanirudishia picha tena.

#8 (mimi wa #1)
Hiyo PDF ya #5 nimeijaribu sasa hivi, imekubali. Miaka yote hii nilikuwa napiga skrinishoti vipande vipande.

Mliouliza inbox kama bosi alijibu: alituma kidole gumba. Mpaka leo sijui kilimaanisha nini.