Mapenzi ya wanawake wawili katika riwaya ya kutisha: je, lazima mmoja wao ateketezwe?

Mtunza Taa aliuliza:

Wanajukwaa, naombeni ushauri kuhusu mswada ambao nimeuandika kwa miaka miwili. Ni fantasia ya giza inayotukia katika mji usiochomozewa na jua, ambamo wafu huitwa kwa taa inayowaka kwa kumbukumbu za walio hai. Sirani amefiwa na mpenzi wake, Maweru, na kila usiku anapomwita, kumbukumbu moja ya maisha yao huteketea isirudi tena. Kwa kuwa anayerudi ameumbwa kwa kumbukumbu hizo hizo, kadiri zinavyopungua ndivyo Maweru anavyozidi kuwa kitu kingine. Katika rasimu ya sasa makuhani wanavunja mlango, wanamchoma Maweru, naye Sirani anajitupa kisimani.

Rafiki niliyempa mswada, ambaye ni mwanamke anayependa wanawake, aliufunga na kuniambia kwamba amekwisha kuisoma hadithi hii mara nyingi mno. Maneno yake yameniuma, kwa sababu wanawake hawa wawili nawapenda. Nifanyeje ili hofu ibaki hofu ya kweli, bila msomaji kuondoka akiamini kwamba mapenzi yao ndiyo laana yenyewe?

Msomaji wa Usiku alijibu:

Rafiki yako amesema kweli, na alichokitambua kina umri mrefu. *Carmilla*, riwaya fupi ya Sheridan Le Fanu iliyoanza kutoka kwa sehemu katika jarida mwaka 1871, ilimtangulia Dracula wa mwaka 1897 kwa robo karne. Humo Carmilla, mnyonya damu wa kike, anampenda Laura, msichana anayetusimulia, na mwishoni wanaume wanalifungua kaburi la Carmilla, wanampigilia kigingi kifuani, wanamkata kichwa, wanamchoma na kuyatupa majivu mtoni. Makuhani wako ni wajukuu wa wanaume hao, hata kama hukukusudia.

Baadaye mwisho wa namna hiyo ukawa karibu na sharti. Kanuni za maadili zilizosimamiwa kwa ukali katika sinema za Marekani kuanzia mwaka 1934, na zilizodumu hadi 1968, zilikataza kwa muda mrefu hata kudokeza mapenzi ya jinsia moja. Katika miaka ya 1950, wachapishaji wa riwaya za bei nafuu nchini humo walihofia kwamba posta ingezuia vitabu ambavyo wapenzi wa kike wanaishia katika furaha, basi mwandishi alitakiwa amrudishe mmoja kwa mwanamume, ampeleke kwenye wazimu, au amzike. Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu ni vyema ujue kuwa mwisho ulioufikia, ambao pengine ulikujia kama msiba wa kawaida tu, ulipigwa muhuri na wakaguzi kabla haujakufikia wewe.

Hata hivyo, rudi katika ukurasa wa mwisho wa *Carmilla*. Baada ya kigingi na moto wote ule, Laura anakiri kwamba bado kuna nyakati anapodhani amesikia hatua nyepesi za Carmilla mlangoni pa sebule. Hatua hizo zinanitisha mimi kuliko kaburi lililofunguliwa, na ndani yake mna shauku ambayo wale wanaume hawakuweza kuichoma.

Fundi wa Sura alijibu:

Waondoe makuhani. Wanapoingia, hukumu inawatoka wanawake wawili na kuwaendea watu ambao msomaji hawajui wala hawajali, na ile kanuni nzuri ya taa inabaki bila kazi.

Hofu yako imekwisha kulala kitandani mwa Sirani. Siku moja Maweru aseme jambo ambalo Sirani hakuwahi kumwambia wala kulikumbuka, kwa sauti ile ile, huku mkono wake ukiwa begani pa mwenzake kama zamani. Ikiwa kumbukumbu ndizo nyama yake, basi pengo lililoachwa na kila kumbukumbu iliyoungua limejazwa na nini? Swali hilo usilijibu mapema. Lakini ili litishe, ni lazima tuwe tumewaona wakiishi. Katika muhtasari wako Maweru anafika akiwa tayari maiti, ilhali mimi ningetaka kwanza nimsikie akigombana na Sirani kuhusu nguo zilizoachwa nje kwenye mvua.

Kivuli cha Mnara alijibu:

Naongeza kwa kutofautiana kidogo na waliotangulia. Usiogope sasa hadi ukamfanya Maweru malaika. Mwanamke anayependa mwanamke anaweza kuwa zimwi lenye meno, na sisi wasomaji tunaolipenda giza tunamtaka hivyo. Kinachoumiza ni kuwa zimwi pekee katika mji ambamo hakuna mwingine anayependa kama yeye. Weka jozi nyingine ya wanawake, majirani tu, wanaozeeka pamoja bila kuadhibiwa na yeyote.

Mfano ninaouthamini ni *The Gilda Stories* ya Jewelle Gomez, ya mwaka 1991, ambamo msichana aliyetoroka utumwa huko Louisiana anakuwa mnyonya damu na kuishi karne mbili. Wanyonya damu wema wa kitabu hicho hawaui ili wale. Wanapochukua damu, wanamwachia mtu kitu anachokihitaji moyoni, kama ndoto au wazo jipya. Kiu ni ile ile ya kale, ila sheria ya mwili imebadilika, na mapenzi yamebadilika pamoja nayo. Nawe unayo sheria yako. Maweru anajua kwamba anamla Sirani? Kama anajua na bado anaitika, hapo pana giza la kutosha.

Mtunza Taa alijibu:

Nawashukuruni nyote. Usiku wa jana nilifuta sura tatu za makuhani, na kisima nimekifukia. Maweru sasa anajua, tangu usiku wa kumi, na anaitika. Sirani naye anajua kwamba Maweru anajua. Wanawake wawili wa nyumba ya jirani wamepata majina na kuku.

Kumbukumbu ya mwisho kubaki itakuwa ule ugomvi wa nguo kwenye mvua. Nilikuwa nimepanga iwe busu lao la kwanza, lakini hilo Sirani atalichoma mapema, katika sura ya nne, akidhani bado anayo mengi.