Wanasema baridi kali inakuja mwambao: ninunue dagaa kesho au nisubiri?

Mama Vichanja
Wakubwa shikamooni, wengine mambo zenu.

Niko Katonga hapa Kigoma, biashara yangu ni dagaa wakavu. Alfajiri mitumbwi ikirudi nanunua wabichi, naanika, jioni nakusanya. Mzigo ukitimia naupeleka Tabora.

Tangu juzi kwenye grupu letu la kikoba kuna klipu inazunguka. Mzungu anaonyesha ramani, juu yake mstari wa bluu wenye meno kama msumeno unasogea kuelekea nchi kavu, na maelezo kwamba hewa ya baridi na mvua vinakaribia pwani. Aliyeituma akaongezea sauti yake: "Jamani angalizo limeshatoka, upepo kilomita 40 kwa saa, mawimbi mita mbili, mwambao wote, msiseme hamkuambiwa." Habari ikafika mwaloni kabla yangu. Jana jioni wavuvi wakaanza kusema huenda keshokutwa hawaingii ziwani, na leo asubuhi beseni likapanda bei karibu nusu nzima. Mchuuzi ananiambia, "Chukua mama, ukisubiri utaanika mchanga." Leo sikuchukua.

Hela niliyonayo ni ya mkopo. Mwaka jana, mwezi kama huu wa kumi, mabeseni manne yalilowa saa tisa alasiri. Nilikimbia na turubai nikafunika, nikaweka mawe pembeni, nikaenda kulala nikijipongeza. Asubuhi nafunua, mvuke umenipiga usoni kama nimefunua sufuria. Dagaa wamelegea, matumbo yamepasuka, funza wameshaanza kazi. Niliwauza kwa wafuga kuku kwa bei ya kutupa, na mume wangu hakusema neno, ambayo ni mbaya kuliko angesema.

Kibaya zaidi giza la kuvulia dagaa kwa taa linaisha. Siku tano, sita mbele ni mbalamwezi, hakuna kuvua. Kwa hiyo kesho ninunue kwa bei hiyo ya juu au nikae? Na hiyo baridi inafika Kigoma kweli?

Chizi wa Gungu
Mstari wa bluu wenye meno? Huyo ni mamba dada, amechoka Malagarasi anahamia ziwani.

Mama Vichanja
Sina hali ya kucheka. (Nimecheka.)

Mpima Mvua
Dada, mimi si mtabiri, ila nimesoma kipimo cha mvua kituoni kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ramani za namna hiyo nimeziona sana.

Huo mstari ni alama ya mahali hewa ya baridi inapoisukuma hewa ya joto. Meno yanaonyesha inakoelekea. Hewa baridi ni nzito, inajichomeka chini ya ile ya joto kama koleo na kuinyanyua. Ikinyanyuka inapoa, mvuke unakuwa wingu, mvua inashuka. Kwa bara letu mistari hiyo inapiga zaidi kule chini kabisa, Cape Town na jirani zake, ikitokea bahari ya Atlantiki. Wao sasa wako kwenye majira ya kuchipua, baridi yao inaaga lakini bado inarudi rudi mlangoni. Kwanza upepo unavuma toka kaskazini magharibi, mvua inapita, kisha upepo unageukia kusini magharibi na baridi inaingia. Wakati mwingine milima yao inapata theluji.

Cape Town iko kwenye nyuzi 34 kusini mwa Ikweta, Kigoma tuko kwenye nyuzi 5 hivi. Huo msumeno hauwezi kufika Katonga ukiwa na meno yake.

Kinachoweza kutufikia Tanzania ni mkia wake. Nyuma ya mstari ule huja mgandamizo mkubwa wa hewa, unakaa kusini mwa Afrika na kusukuma upepo wa kusini mashariki kupanda nao hadi pwani yetu ya bahari. Ndipo Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa angalizo la upepo na mawimbi. Sasa hebu niambie, hilo angalizo ulilisoma wewe au ulilisikia kwa mtu?

Mama Vichanja
Nimelisikia tu, baba. Alisema "mwambao".

Mkwezi wa Pangani
Hilo ni letu sisi! Ninalo hapa, limeandikwa "baadhi ya maeneo ya mwambao wa pwani ya bahari ya Hindi", na mikoa imetajwa kwa jina. Kigoma haimo. Ngalawa zimevutwa juu toka jana. Nyie mna mwambao wenu wa Ziwa Tanganyika, ila mtabiri akisema mwambao bila kutaja ziwa mara nyingi anatusema sisi. Kutoka kwangu hadi kwako ni zaidi ya kilomita elfu moja, mawimbi yangu yatakufikiaje?

Mpima Mvua
Hapo ndipo watu wengi wanapoanguka. Taarifa ya Mamlaka isomwe yote, hasa mistari ya juu yenye majina ya mikoa. Tena angalizo ni ngazi ya kwanza, rangi ya njano. Juu yake kuna tahadhari, rangi ya chungwa, halafu tahadhari kubwa, nyekundu. Chini huwa wameandika uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari, ukikuta "wastani" si sawa na "kubwa". Anayesambaza sauti kwenye grupu hayo yote anayaruka.

Utabiri wako wewe ni ule wa saa 24, kwenye mstari wa mikoa ya magharibi: Kigoma, Katavi, Tabora. Msimu huu mara nyingi utakuta "mawingu kiasi, mvua na ngurumo katika maeneo machache na vipindi vya jua". Hiyo ndiyo sentensi yako.

Kaka wa Mwandiga
Samahani mzee, na hao ni wale wale. Wiki iliyopita walisema mvua na ngurumo, kwetu hata tone. Utabiri wa nini huo?

Mpima Mvua
Walisema maeneo machache, kijana. Mwandiga haikunyesha, je Kalinzi uliuliza? Oktoba mvua yetu ni ya wingu mojamoja. Ukanda mvua, ule mkanda wa mawingu ya mvua, ndio unateremka toka kaskazini, haujakaa sawasawa. Wingu linaweza kulowesha soko na stendi ikabaki na vumbi.

Mzee wa Kipe
Nimevua dagaa tangu taa za karabai, sasa wanangu wanatumia za sola. Nisikilize binti yangu.

Wavuvi hawaachi kuingia ziwani kwa sababu ya klipu. Wanaacha wakiona ziwa limechafuka. Hayo maneno ya "keshokutwa hatuingii" ni biashara, ukishaogopa wewe bei yao imesimama. Na kwa kuwa giza linaisha, mvuvi naye ana haraka kuliko wewe, usiku wake ni wa kuhesabu. Nenda mwaloni umechelewa kidogo, simama mbali na mitumbwi, usiulize bei. Jua likitoka mzigo haujanunuliwa, watakuita wao.

Sasa hiyo baridi. Ipo moja inayotuhusu sisi, na haitoki Cape Town. Mchana joto, hewa imesimama, majani hayatikisiki. Ghafla unakuja upepo wa ubaridi kama umefungua friji, una harufu ya udongo uliolowa, vumbi linatangulia mbele. Huo upepo unatoka ndani ya wingu la radi, umeanguka pamoja na mvua ya huko na sasa unatambaa chini kuja kwako. Ukikupiga mkononi, mvua haiko mbali. Sisi majini ukitukuta tunageuza mtumbwi tuulalie kwa pua, hakuna mjadala. Wewe nchi kavu una muda wa kukunja mkeka, basi.

Mpima Mvua
Mzee umenifurahisha. Ni kanuni ile ile ya meno ya bluu, hewa baridi inachomeka chini ya hewa ya joto. Tofauti yake, ule mstari wa Cape Town unaonekana siku kadhaa kabla, huu wa kwetu unakupa dakika kumi, kumi na tano. Hakuna klipu itakayokuwahi.

Chizi wa Gungu
Kwa hiyo mamba alikuwepo ila ni mjusi.

Bi Mkubwa Kibirizi
Mwenzangu, pole kwa ya mwaka jana, na mimi yamenikuta. Kosa lako halikuwa mvua, ni turubai. Dagaa aliyekauka nusu ukimfunika ubapa chini anajipika mwenyewe. Ni bora alowe kidogo akiwa anapata hewa kuliko kufunikwa.

Mimi mwezi wa kumi sianiki mchangani kabisa. Vichanja vyangu vinanifika kiunoni, juu wavu, na naanika wembamba, dagaa asimlalie mwenzake. Hapo saa kumi na mbili asubuhi nimemwaga, saa sita wengi wameshagonga, ukiwashika wanalia kama majani makavu. Mvua za huku nyingi ni za alasiri, kwa hiyo mbio zako ni za asubuhi. Turubai iwe juu ya nguzo kama paa, upepo upite chini.

Na ndoo ya chumvi ya Uvinza isikosekane. Mzigo ukikataa kukauka unautumbukiza kwenye maji ya chumvi, unauanika kesho yake. Bei yake itashuka kidogo lakini hutawaita wafuga kuku.

Kesho chukua nusu ya ulichopanga. Vichanja unavyo vingapi kwanza?

Mama Vichanja
Jina tu Bi Mkubwa, nina viwili. Vingine vililiwa na mchwa, naanika mchangani na kwenye nyavu.

Bi Mkubwa Kibirizi
Basi mabeseni mawili, mwisho. Usinijibu.

Mama Vichanja
Narudi na mrejesho wa leo.

Nilifika mwaloni saa moja, nikasimama kwenye mwembe nanunua vitumbua. Mitumbwi imerudi, ziwa kama kioo, hakuna hata aliyeitaja hiyo baridi. Yule mchuuzi wa jana kaniona, kajifanya hanioni, mara ya tatu kaniita, "Mama, leo vipi?" Bei haikurudi ya zamani kabisa ila imeshuka. Nimechukua mawili, la tatu nikaliangalia likaniangalia, nikaondoka.

Saa nane na nusu nipo nageuza dagaa, mkono wangu wa kushoto ukasikia ubaridi. Nikanusa. Mzee wa Kipe, ni harufu ile ile! Nikapiga kelele watoto wakaja, tukabeba kichanja kimoja kizima kizima mpaka barazani, cha pili hakikupita mlangoni, tukawakusanya kwenye beseni wakiwa wameshakauka. Matone yamedondoka nikiwa na wachache tu mchangani, kama sahani mbili.

Huko Ujiji shemeji yangu anasema jua lilikuwa kali siku nzima.

Fundi wa vichanja anakuja Jumatatu. Bi Mkubwa, huo wavu wako unanunua wapi?