Naomba ushauri: bunduki ya gemu haikubali kwenye TV flati

Habari zenu wakuu. Niko Nkuhungu, Dodoma. Mdogo wangu kaniletea TV game tuliyochezea utotoni Kondoa, ile ya kaseti, na pedi zake mbili na bunduki. Nimefurahi mno, nataka wanangu waicheze kama tulivyocheza sisi.

Contra na Super Mario Bros. zinakubali vizuri. TV yetu ina matundu ya AV, njano, nyeupe na nyekundu, nikachomeka tu. Hata mama watoto, ambaye hakuwahi kushika pedi, siku hizi maharage yanachemka na yeye yuko hatua ya majini.

Shida ni Duck Hunt ya mwaka 1984. Bata wanaruka, unafyatua, hafi hata mmoja. Fundi kasema bunduki ni nzima. Kumbe hairushi kitu, inasoma mwanga: ukifyatua, kioo kinakuwa cheusi kufumba na kufumbua, na bata anageuka kiboksi cheupe. Ilitengenezwa kwa ajili ya TV za chogo. Flati inachelewesha picha, bunduki haioni kitu.

Je, kwa hapa mjini naweza kupata wapi TV ya chogo iliyo nzima, hata inchi 14? Nianzie kwa mafundi wa Majengo?

Na wenye watoto, muda mnawapangiaje? Wangu wa darasa la tatu akirudi shule anakaa sebuleni na sare zake, daftari la hesabu hajaligusa. Kumnyima kabisa sitaki.