Mdogo wangu kaanza kupiga hatua, nimsaidieje?

Dada wa Mabatini
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa mwisho ana miezi 13. Tangu Jumapili anapiga hatua nne, tano, kisha anakaa kitako na kucheka, na mpiga vigelegele mkuu ni mimi. Mama anashinda sokoni, mtoto nabaki naye. Tunakaa mlimani, mlangoni kuna ngazi tano za mawe. Naomba ushauri: nimshikeje, kigari cha kusukuma kinafaa, na kikombe nianze vipi?

Nesi Nyakato
Hongera, dada. Yuko ndani ya muda wake. Watoto wengi wenye afya huanza kutembea kati ya miezi 8 na karibu 18. Usimvute mikono juu ya kichwa: anasimamia ncha za vidole, kifua kinatangulia, ukimwachia anaangukia uso. Mshike kiunoni, au chuchumaa hatua mbili mbele yake aje mwenyewe. Vigelegele visubiri afike. Ukivipiga akiwa katikati, anageuka kukutazama na anaanguka. Ndani atembee pekupeku, vidole vishike sakafu.

Kikombe ndiko wengi wanakokosea. Wanatia maji kidogo kwenye kikombe kirefu, mtoto anainua kichwa nyuma na kupaliwa. Tafuta kifupi, chembamba, chenye ukingo mnene kidogo, ukijaze nusu kwa maji yaliyochemshwa. Akae wima. Gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, uinamishe mpaka maji yaguse mdomo tu, kisha mwache avute. Usimmiminie. Atamwaga wiki nzima, na hiyo ni kawaida.

Akifika miezi 18 hajatembea mwenyewe, mwoneshe kliniki. Umri huo mtoto anarudi kwa chanjo ya pili ya surua na rubela, basi ulizia hapohapo.

Fundi Mbao Igoma
Kigari kinafaa, ila cha kusukuma, siyo kile cha kukalia chenye magurudumu. Kwenye mlima wenu hicho ni hatari, kinashuka ngazi na mtoto ndani.

Kitako sentimita 35 kwa 45, mshikio urefu wa 45 kutoka chini. Magurudumu ya nyuma yakae nyuma ya mshikio. Yakiwa mbele yake, mtoto akijivuta kusimama kigari kinampindukia. Weka mchanga kilo 3 kwenye mfuko uliofungwa vizuri, ubane kwenye kitako. Piga msasa kila kona.

Mama Kirumba
Mwanangu, ngazi zifungwe kwa ubao wenye kimo cha sentimita 70, juu na chini. Mfundishe kushuka kinyumenyume, tumbo likigusa jiwe, mguu ukitafuta ngazi. Na ndoo za maji zifunikwe mfuniko wa kubana. Kichwa cha mtoto ni kizito, akiinamia ndoo hawezi kujinyanyua, hata maji yakiwa kidogo.

Dada wa Mabatini
Asanteni mno. Fundi, sakafu yetu ni saruji laini, kigari hakitamkimbia?

Fundi Mbao Igoma
Kitamkimbia. Kata tyubu ya baiskeli vipande vya upana wa gurudumu, vivishe, ubandike kwa gundi ya viatu, uache usiku kucha. Kikiendelea kukimbia, kaza kidogo nati za ekseli za nyuma mpaka magurudumu yawe mazito, halafu usukume mwenyewe kwa kidole kimoja kabla hajakishika.