Mjadala: Daktari Mukwege alikosea kugombea urais?

Wakuu, poleni na baridi. Jana Uyole, tukisubiri kosta ya Tukuyu, dereva mmoja wa lori aliyetoka Lubumbashi akatuchokoza: yule daktari mwenye Nobel, kura zake ziliishia wapi? Tulibishana mpaka gari likatuacha. Naleta kwenu.

Kwa wasiomfahamu: Denis Mukwege ni daktari wa wanawake, mzaliwa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Hospitali yake ya kwanza, Lemera, ilivamiwa mwaka 1996. Wagonjwa na wahudumu wakauawa. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, hapo Bukavu, akilenga wajawazito, lakini mgonjwa wa kwanza alikuwa mama aliyebakwa kisha akapigwa risasi. Toka hapo ni maelfu. Septemba 2012 alisimama Umoja wa Mataifa akalaani ukimya wa wakubwa. Mwezi uliofuata wenye silaha wakaingia kwake, mlinzi akafa. Akakimbilia Ulaya. Januari 2013 alirudi, na hapa huwa nanyamaza kidogo: akina mama maskini waliuza mananasi na vitunguu wamchangie nauli. Nobel ya amani ikaja 2018. Desemba 2023 akagombea, hakufikisha hata asilimia moja.

Msimamo wangu: kusema, sawa kabisa. Ameshasimulia kwamba alimtibu mama, halafu binti, halafu mjukuu, nani angenyamaza? Lakini kugombea, hapana. Daktari akilia, hata adui anajua halilii tumbo lake. Mgombea akilia, wanasema anatafuta kiti.

Muuguzi wa Mbalizi: Kaka, mimi niko wodi ya wazazi. Fistula, yaani lile tundu linalomfanya mama avuje mkojo, tunazoziona huku ni za uchungu wa siku mbili, barabara mbovu, rufaa iliyochelewa. Barabara nitamdai diwani. Yeye, wagonjwa wake wameumizwa na wenye mtutu wa bunduki, amdai nani? Umoja wa Mataifa alishakwenda. Hiyo ya daktari asiguse siasa naijua, kwenye mgomo wa madaktari wa 2012 tuliimbiwa sana hapa nchini.

Mzee wa Rungwe: Wanangu, asilimia isiwababaishe. Masisi na Rutshuru, kulekule mashariki, hawakupiga kura kabisa kwa sababu ya vita. Ila nauliza: wakati wa kampeni, kisu cha upasuaji kilishikwa na nani?

Muuguzi wa Mbalizi: Shikamoo baba. Panzi ina madaktari wengine, na amefundisha wengi. Hospitali inayosimama kwa mkono wa mtu mmoja hiyo ni kilinge cha mganga.

Mleta mada: Dada, hilo la diwani limenibana, nakiri. Lakini angalia Februari 2025: waasi wa M23 waliingia Bukavu. Hospitali lazima izungumze na yeyote aliyeshika mji, dawa zipite, majeruhi wapite. Jina la mwanzilishi likishakuwa kwenye karatasi ya kura, wale wa mtutu wanaliona jengo zima kama tawi la chama. Anayelipia ni mgonjwa. Mimi hapo ndipo ninapogoma.

Mzee wa Rungwe: Hapo kijana ana hoja.

Muuguzi wa Mbalizi: Baba, Lemera ilivamiwa akiwa mgombea wa chama gani? Na 2012, walipomfuata nyumbani, alikuwa anagombea nini?