Tupeane uzoefu: helmeti na mavazi ya siku ya kwanza saketini

Wakuu, mtu anaingia saketi (uwanja wa mbio za magari) mara ya kwanza na gari lake la kawaida. Anunue helmeti ipi, avae nini? Tushike vitu vinavyopimika.

—

Anza na stika, si rangi. Funua sponji ya ndani utaikuta ya Snell, shirika linalopima helmeti. SA ni ya magari, M ni ya pikipiki. SA hupimwa moto na hugongeshwa kwenye chuma kilichochongwa mfano wa bomba la ndani ya gari la mbio, lile la kumkinga dereva gari likipinduka. M haipiti majaribio hayo. Baadhi ya waandaaji wanapokea M, wengine hawaitaki kuiona. Waulize, wakujibu kwa maandishi, ndipo ulipe.

—

Niongeze kwenye saizi, maana hapo ndipo watu wanaliwa. Chukua tepu ya fundi cherehani, izungushe sentimita 2.5 juu ya nyusi, ipite kisogo pale kinapotokeza zaidi. Pima mara tatu, shika namba kubwa. Ukiangukia katikati ya saizi mbili, jaribu ndogo kwanza, kwa sababu sponji hulegea kadiri unavyoivaa.

Iliyokaa vizuri inabana mashavu mpaka ukitafuna unajiuma. Izungushe kushoto na kulia: ngozi ya paji iende nayo. Ngozi ikibaki palepale, hiyo ni kubwa. Funga mkanda wa kidevuni, mtu ashike ukingo wa nyuma aivute kuja mbele. Ikitaka kuvuka kichwa, irudishe kabatini. Kisha kaa nayo dukani dakika 20, hata muuzaji akinuna. Ukivua ukakuta doa jekundu katikati ya paji, kosa ni umbo, kichwa chako ni kirefu kuliko tundu lake. Kupanda saizi hakutibu hilo. Badili modeli.

Na zile pete mbili za mkanda wa kidevuni: mkanda unapita zote mbili, kisha unarudi ndani ya moja tu. Usiporudisha, unateleza wote.

—

Paa mnalisahau. Kaa garini ukiwa umevaa helmeti, kabla ya siku yenyewe. Ikigusa paa, shusha kiti; ukilaza mgongo sana mikono inanyooka na stelingi inakuwa nzito. Kipimo: mabega yakiwa yamegusa kiti, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani.

HANS, kile kifaa cha mabegani cha kukinga shingo, achana nayo kama gari lina mkanda wa kawaida wa pointi tatu. Inashikiliwa na mikanda miwili ya mabega. Bila hiyo ni pambo.

—

Nguo: pamba, mikono mirefu, suruali ndefu. Jezi ya mpira ni poliesta, ikishika moto inayeyuka na kuganda mwilini. Raba nene za kukimbilia soli zake zimetanuka pembeni, unakanyaga breki na mafuta kwa pamoja. Tafuta kiatu chembamba, soli nyembamba, kamba fupi.

—

Walio Dubai na Maskati, jasho ndilo adui. Beba soksi za kichwa (za kuvaa chini ya helmeti) mbili za pamba, badilisha mchana. Helmeti ikilowa, ianike kivulini kioo kikiwa wazi, si juu ya dashibodi. Doa lifute kwa maji na sabuni laini; petroli na thina hula lile povu gumu la ndani, na kwa nje huoni kitu.